Alama ya CE na Saini ya Mtu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika Siku ya Shule.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo linalohusu kazi yangu ambalo litawafaa vijana. Nilifikiri siku nyingi. Kazi yangu ni ya mafaili na mihuri, wala haina hadithi za kusisimua. Hatimaye nimechagua kuzungumza juu ya kibandiko. Ukigeuza chombo cha intaneti isiyo na waya, kile kisanduku chenye antena ambacho siku hizi kipo maofisini na majumbani, aghalabu utaona chini yake herufi mbili, C na E. Leo nataka tujue herufi hizo zinasema nini, maana kutozijua kuliniletea aibu.

Lakini nianzie hapa hapa shuleni.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa kiranja wa stoo. Jioni moja lori la unga liliingia huku mvua inanyesha. Hati ilisema magunia 40. Dereva alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na njaa, nikatia saini. Kesho yake mwalimu wa zamu akahesabu magunia 37. Wenzangu wa miaka ile walioko hapa wanaikumbuka wiki ya mwisho ya muhula ule, jinsi uji ulivyokuwa mwepesi hata ukaweza kuona kitako cha kikombe. Mwalimu hakunichapa. Aliniita ofisini, akanionyesha saini yangu, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu." Akasema, "Basi yale magunia 3 unayo wewe."

Nilidhani nimejifunza. Miaka 23 baadaye, mwaka 2019, nilikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa katika ofisi moja ya serikali. Mzabuni akaleta vyombo 48 vya intaneti isiyo na waya, vya kupelekwa katika ofisi zetu za wilayani. Safari hii nilihesabu. Vilikuwa 48 kamili, na kila kimoja kilikuwa na zile herufi mbili. Mwenzangu mmoja akauliza kama tuna hati nyingine yoyote ya vyombo hivi. Mimi nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo kikuu, "Hii ni alama ya Ulaya. Wazungu wameshapima." Nikatia saini.

Wazungu hawakuwa wamepima kitu. Fundi wetu alipofungua maboksi alikuta karatasi iliyotaja modeli nyingine kabisa. Na kwa kuwa hapa kwetu pia upo utaratibu wa kuidhinisha vyombo vya mawasiliano, na alama ya Ulaya haichukui nafasi yake, tuliulizwa hati za vipimo. Hatukuwa nazo. Vyombo vikalala stoo miezi 8. Huko wilayani watumishi wenzetu wakaendelea kupanda mabasi na mafaili kwapani. Mimi nikaandikiwa barua ya kujieleza, na nilipokuwa nikitafuta maneno ya kujibu, nilisikia sauti ya yule mwalimu: "Huyu ni nani?"

Basi nikaamua kuisoma hiyo sheria ya Ulaya mwenyewe, kifungu baada ya kifungu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Sheria yenyewe ni Agizo namba 2014/53/EU la Umoja wa Ulaya, juu ya vyombo vya redio. Lilipitishwa tarehe 16 Aprili 1994? Hapana, vijana, nawajaribu kama mnasikiliza: ni tarehe 16 Aprili 2014. Lilianza kutumika tarehe 13 Juni 2016, na watengenezaji wakapewa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Lilichukua nafasi ya Agizo la mwaka 1999. Nalo halihusu redio ya kusikilizia taarifa ya habari peke yake. Chombo chochote kinachorusha au kupokea mawimbi ya redio kwa makusudi ya mawasiliano kimo ndani: simu ya mkononi, kisanduku cha intaneti, saa inayozungumza na simu, hata mwanasesere wa mtoto akiwa ana redio ndani yake.

Agizo hilo linadai mambo makuu matatu. Kwanza, chombo kisimdhuru mtu wala mnyama wala mali. Kisirushe umeme, kisiunguze. Pili, kisivuruge vyombo vingine vya umeme vilivyo karibu, na chenyewe kistahimili kuvurugwa kwa kiasi. Tatu, kitumie masafa ya redio kwa ufanisi bila kuleta mwingiliano wenye madhara. Hili la tatu ndilo linalohitaji maelezo.

Kumbukeni bomba la maji la nyuma ya bweni. Bomba lile halikuwa na mlinzi wala tiketi. Kila mwanafunzi alikuwa na haki ya kuchota, kwa masharti: ndoo moja, foleni, na akija mpishi, sote tunampisha kwa sababu bila yeye hakuna chakula. Masafa ya intaneti isiyo na waya huko Ulaya yanatumika hivyo hivyo. Huhitaji leseni, lakini masharti yapo. Katika masafa ya megahezi 2400 hadi 2483.5, nguvu inayorushwa isizidi miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati. Katika megahezi 5150 hadi 5350 ni miliwati 200, na kwa kawaida ni kwa matumizi ya ndani ya jengo. Katika megahezi 5470 hadi 5725 unaruhusiwa mpaka wati moja. Mwaka 2021 Ulaya ikaongeza masafa mengine, megahezi 5945 hadi 6425, miliwati 200 ndani ya jengo, au miliwati 25 tu kwa vyombo vidogo vya kutembea navyo. Hiyo ndiyo ndoo moja.

Na mpishi ni nani? Mpishi ni rada. Katika sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 5, rada zilitangulia kuwapo, na miongoni mwake zimo rada za kutazama mvua. Kwa hiyo chombo cha intaneti kinatakiwa kisikilize kabla ya kusema. Kikiwashwa, kinyamaze sekunde 60, kikisikiliza kama kuna rada. Katika megahezi 5600 hadi 5650, ambako rada za mvua za Ulaya zimekaa, kinyamaze dakika 10 nzima. Kikiisikia rada wakati kinafanya kazi, kihame katika sekunde 10, wala kisirudi mahali pale mpaka zipite dakika 30.

Mtu mwenye haraka hapendi kungoja dakika 10. Wako watu ambao huingia katika mipangilio ya chombo wakakidanganya kwamba kipo nchi nyingine, ambako hakuna sharti hilo, au wakaizima kabisa ile kazi ya kusikiliza. Intaneti inawaka upesi, na mwenye chombo anafurahi. Lakini mahali pengine, mtabiri wa hali ya hewa anatazama picha ya rada yake na kuona mstari mnene unaotoka katikati kwenda ukingoni, ambao unaweza kuonekana kama mvua kumbe si mvua, au unaificha mvua ya kweli nyuma yake. Ulaya imehangaika na mistari hiyo miaka mingi, na wakaguzi wa masafa wamelazimika kutoka na vipimo vyao kufuata mstari hadi kwenye paa lenye chombo chenye kosa. Chombo kimoja kidogo, cha mtu mmoja asiyetaka kungoja, kinaweza kuharibu macho ya watu wanaotakiwa kuwaonya wengine kwamba mafuriko yanakuja.

Sasa niseme jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilidhani kuna ofisi kubwa huko Brussels ambako kila modeli hupelekwa, ikapimwa, ikagongwa muhuri wa C na E. Ofisi hiyo haipo. Anayebandika alama ni mtengenezaji mwenyewe.

Najua baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mnasema, mwizi ajipe ufunguo? Lakini tazameni jinsi walivyomfunga. Mtengenezaji lazima apime, au apimishe katika maabara. Viwango vya upimaji huandaliwa na taasisi za viwango, mojawapo ikiwa ETSI iliyopo Sophia Antipolis, nchini Ufaransa, tangu mwaka 1988. Kiwango cha EN 300 328 ni cha masafa ya gigahezi 2.4, na EN 301 893 ni cha gigahezi 5. Akivifuata viwango vilivyotangazwa na Umoja wa Ulaya, kwa ukamilifu, anaruhusiwa kujithibitishia mwenyewe. Asipovifuata, au akivifuata nusu nusu, kwa mambo yahusuyo masafa hana ruhusa hiyo. Sharti aende kwenye chombo huru cha ukaguzi kilichotambuliwa rasmi, kimchunguze.

Kisha lazima aandae faili la kiufundi: michoro, matokeo ya vipimo, maelezo ya hatari na jinsi zilivyozuiwa. Faili hilo alitunze miaka 10 tangu chombo kiingie sokoni. Na mwisho aandike Tamko la Ulinganifu. Tamko hilo linataja modeli ya chombo, jina na anwani ya mtengenezaji, sheria alizozifuata, viwango alivyovitumia. Na chini kabisa kuna mahali pa jina la mtu, cheo chake, tarehe, na saini yake.

Ndugu zangu, nilipofika pale kwenye saini niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimeitegemea alama kama mtu anavyotegemea ukuta. Kumbe alama si cheti cha serikali yoyote. Ni neno la mtu. Inasema: yupo mtu fulani, mwenye jina na anwani, aliyetia saini kwamba kitu hiki ni salama, na anayo karatasi ya kuthibitisha. Ukiipokea alama bila kuuliza karatasi, umepokea magunia bila kuhesabu.

Wala mzigo haumwishii mtengenezaji. Mwagizaji anayekiingiza chombo Ulaya kutoka nje lazima ahakikishe kwamba vipimo vimefanyika na faili lipo, na aandike jina na anwani yake juu ya chombo, au pakishindikana, juu ya boksi lake au katika hati zinazofuatana nacho. Muuzaji naye lazima aangalie kwamba alama ipo na maelezo yapo. Mwagizaji au muuzaji akikiuza chombo kwa jina lake, au akikibadili hata ulinganifu wake ukaweza kuharibika, sheria inamhesabu kuwa ndiye mtengenezaji. Mwenye kuweka jina lake juu ya kitu, kitu hicho ni chake pamoja na dhambi zake.

Tena mnunuzi wa kawaida hakusahauliwa. Maelezo yanayofuatana na chombo lazima yataje masafa yanayotumika na nguvu ya juu inayorushwa. Pakiwapo nchi zenye masharti ya matumizi, boksi lenyewe lionyeshe. Na maelezo hayo yawe katika lugha ambayo watumiaji wanaielewa kwa urahisi, kama nchi husika inavyoamua. Nchi ndogo kama Estonia ina haki ya kutaka Kiestonia. Ndiyo maana kile kijitabu cha ndani ya boksi kina lugha nyingi hata kinachosha. Hakuna anayeweza kujitetea kwamba mnunuzi aliarifiwa, ikiwa aliarifiwa kwa lugha asiyoijua.

Jambo la mwisho ni jipya zaidi, nalo linawahusu sana ninyi vijana mnaopenda kompyuta. Mwaka 2016 palitokea programu mbaya iliyoitwa Mirai. Ilizunguka duniani ikibisha hodi katika kamera na visanduku vya intaneti, ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yanayojulikana na kila mtu. Vyombo vingi vikafunguka, kwa sababu wenyewe hawakuwahi kuyabadili. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vyombo likaishambulia kampuni ya Marekani iitwayo Dyn, na tovuti nyingi kubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Mwezi Februari 2017, huko Ujerumani, mamlaka ya mawasiliano ikapiga marufuku mwanasesere aitwaye "My Friend Cayla", kwa kuwa redio iliyomo ndani yake ingeweza kutumiwa na mtu wa nje kusikiliza mazungumzo ya nyumbani kwa siri.

Basi Ulaya ikaona kwamba haitoshi chombo kutovuruga rada. Kisimsaliti mwenye nyumba pia. Kwa Kanuni namba 2022/30, vyombo vya redio vinavyoweza kuunganika na intaneti vinatakiwa visidhuru mtandao, vilinde habari za watu, na vile vya kuhamisha fedha vizuie ulaghai. Kanuni hiyo ilikuwa ianze Agosti 2024, ikasogezwa mbele, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025. Viwango vyake vinaitwa EN 18031. Umoja wa Ulaya ulipovitangaza mwezi Januari 2025, uliweka pingamizi lenye maana kubwa: chombo kikimruhusu mtumiaji kukaa bila neno la siri kabisa, mtengenezaji hawezi kujificha nyuma ya kiwango akajithibitishia mwenyewe. Itambidi aende kwa mkaguzi huru. Tafsiri yake kwa lugha yetu ya bwenini ni kwamba haitoshi sanduku lako kuwa na tundu la kufuli. Fundi seremala asikuuzie sanduku akikuambia kufuli ni hiari.

Sikuja hapa kuisifu Ulaya. Hata kwao vyombo vya uongo hukamatwa sokoni, na alama hubandikwa na watu wasio na faili lolote. Wala sheria hiyo si sheria yetu. Lakini vyombo vyenye alama hiyo vimejaa katika maduka yetu, na mtu anayeviona aelewe anaona nini. Mimi sikuelewa, na ofisi za wilayani zikalipa deni langu.

Nawaachieni mambo matatu. La kwanza, ukiona alama, uliza karatasi, na ukipewa karatasi, linganisha modeli yake na ile iliyo mbele yako. La pili, usikidanganye chombo chako kipo nchi isiyo yake ili upate kasi zaidi. Huijui rada unayoipofusha. La tatu, siku utakapopewa kalamu utie saini, na mtapewa, kwa sababu ndiyo kazi ya mtu aliyesoma, jiulize kwanza lile swali la mwalimu wangu kabla mtu mwingine hajakuuliza.

Nimalizie kwa kazi niliyotumwa. Chama chetu leo kinaikabidhi shule vyombo 6 vya intaneti isiyo na waya, kwa ajili ya maktaba na chumba cha kompyuta. Nimechaguliwa mimi nivikabidhi, nadhani ni kwa utani wa Katibu, ambaye alikuwa bweni moja nami na uji ule aliunywa. Pamoja na vyombo nimeleta faili. Ndani yake limo Tamko la Ulinganifu lenye jina la mtu na saini yake, imo barua ya idhini ya hapa nchini, na kimo kijitabu cha maelezo. Maneno ya siri ya kiwandani tumeyabadili. Mapya yamo katika bahasha ya Mkuu wa Shule.

Kiranja wa stoo wa sasa yuko hapa, nimemwona pale mstari wa pili, naye nimeambiwa ni wa kidato cha tatu. Kijana, hati ya mapokezi ninayo mfukoni. Sitakupa mpaka uwe umefungua maboksi yote 6 na kusoma namba moja moja ukizilinganisha na faili. Wazee watanikasirikia kwamba chakula kinapoa. Kipoe. Mimi nitakungoja.